Matundu Mawili

Nimekaa kibarazani Makorora
na pedeli za namna mbili juu ya gazeti.
Mikono ina grisi, chai imefanya utando.

Za kwanza kaniazima Kihiyo.
Pana, nyeusi, nyepesi kama ganda la ukwaju.
Zinataka kiatu cha boliti tatu
na plastiki nyekundu iliyochomoza chini ya soli.
Ukishuka nazo unatembea kama bata,
ka, ka, ka, kwenye sakafu za watu.
Za pili zimekuja na basi la Mombasa:
ndogo, nzito, chuma kitupu,
zinauma pande zote mbili,
na kishikio chake hujificha ndani ya soli
kama gego.

"Hizo ni za matope, Mwanakombo,"
anasema Kihiyo. "Lami ina zake."
Yeye Jumamosi hutuongoza mpaka Muheza
na akifika hashuki.
Hula chungwa juu ya tandiko, kaegemea nguzo,
maana plastiki ile inalika kwa hatua
na mpya huagizwa Dar es Salaam.

Mimi nashuka.
Nashuka Pongwe kununua mihogo.
Nashuka Mkanyageni kwa shangazi,
ambaye hata malaika angevua viatu mlangoni kwake.
Nashuka mvua ikizidi,
nashuka pale reli inapokata njia.
Mtu wa kushukashuka hivi
anunue pedeli gani?

Viatu nilivipata Mlango wa Chuma,
chini kabisa ya belo.
Namba thelathini na tisa, soli ina mipasuo miwili
na matundu mawili ya skrubu.
Muuzaji, kijana Shekue, alidhani ni vya mpira
vilivyong'olewa njumu.
"Dada, hivi vibovu. Lete elfu nane."
Nililipa mbio, uso usije ukanisaliti.

Usingizi ukakataa.
Asubuhi nikarudi na elfu kumi nyingine,
nikamweleza matundu yale ni ya nini.
Wiki iliyofuata kila kiatu chenye tundu, mawili au matatu,
kilikuwa elfu arobaini, hakuna kupunguza,
na Kihiyo, aliyekuwa akivisaka humo kimyakimya
miaka mitatu,
hadi leo ananisemesha habari za pedeli tu.

Bei si kitu. Kinachonitia baridi ni mguu.
Mama alinifundisha baiskeli kwa sheria moja:
mguu uwe tayari.
Miaka thelathini wangu umekuwa tayari
kwa mbuzi, kwa bodaboda,
kwa mtoto anayekimbiza tairi,
kwa mume aliyesema atarudi Ijumaa.
Leo natoa pesa yangu ili nifungwe.

Basi jana nikazijaribu uwani zile ndogo,
nimeshika nguzo ya kamba ya nguo.
Ta: imeshika.
Kisigino nje, ta: imeachia.
Nikalegeza springi robo mzunguko,
nikaizungusha tena kidogo.
Mara ishirini, salama.
Mara ya ishirini na moja nikaachia nguzo
nikasahau kisigino,
nikaanguka taratibu, kwa heshima zote,
ubavu wa kushoto, ndani ya beseni la Bi Riziki
lililojaa foronya.

"He! Nani kakufunga?" akauliza dirishani.
"Nimejifunga mwenyewe."
Mjukuu wake akaruka juu: "Gooo!"
Tukacheka mpaka povu likakauka mkononi mwangu.

Nachukua ndogo.
Pana nitamrudishia Kihiyo kesho alfajiri,
nimezifuta vizuri, na chungwa moja juu yake,
aseme atakalo.

Foronya nimezifua upya.
Baiskeli imelala ukumbini, mimi kitandani,
na gizani, chini ya shuka,
mguu wa kushoto unaendelea peke yake:
kisigino nje.
Kisigino nje.